Miisho Miwili ya Dairekta

Watu wote wa Nakuru waliomfahamu walimwita Dairekta, hata mkewe, hata askari wa kaunti waliokuja kumuuliza kibali cha kupiga picha barabarani. Jina lake la kitambulisho nililiona mara moja tu, kwenye fomu ya hospitali alipojiandikisha kuwa mtu wa kuitwa iwapo ningezidiwa, na niliona halimfai. Alizaliwa wapi, babake alikuwa nani, alisoma hadi wapi, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimjua kazini kwa miaka kumi na minane. Nitamsimulia bila kufuata mpangilio, maana hata yeye hakupiga filamu kwa mpangilio. Alianza na onyesho lolote ambalo jua la siku hiyo lilimruhusu. Tena nikisema alikuwa, msimzike. Yuko hai, anakohoa tu.

Niseme mapema ninachotafuta, msije mkadhani nimekaa hapa kumsifu. Filamu yake ya karibuni inamhusu mwanamke wa makamo anayeugua saratani ya titi. Mwanamke huyo ni mimi, kwa ugonjwa na kwa sura pia, kwa sababu ndimi niliyeigiza. Filamu hiyo aliipigia miisho miwili: katika mmoja ninazikwa, katika mwingine ninarudi nyumbani. Kisha akakaa karibu miaka miwili bila kusema amechagua upi. Daktari alinieleza mambo ya asilimia na sikuyashika. Mimi nilitaka kujua Dairekta anaonaje. Hakuna binadamu aliyewahi kunitazama kwa makini kuliko yeye, na kuhusu watu alikuwa hakosei sana.

Ni mrefu, mwembamba, na ana koti moja la rangi ya majani makavu lenye mifuko isiyohesabika. Ndani ya mifuko hiyo mna kila kitu isipokuwa kile anachokitafuta. Miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Huongea polepole, halafu ghafla anakatiza sentensi na kuondoka, nawe unabaki umesimama ukidhani atarudi kuimaliza. Wageni waliona ni maringo. Sisi tulijua ameona mwanga mahali.

Filamu hazikumlisha. Kilichomlisha ni harusi na mazishi, hasa mazishi, kwa sababu watu wa bonde hili hawamziki mtu siku hizi bila kamera. Lakini hata huko alipiga anavyotaka. Kuna harusi aliyoipiga Mai Mahiu, na video ilipotoka, babake bibi harusi alionekana kwa dakika nzima akiwa peke yake nyuma ya hema, akifuta viatu kwa leso ya mkononi, kisha anakunja leso, kisha anaanza kufuta tena. Bibi harusi alimpigia simu akilia.

"Boss, mbona ulipiga babangu hivyo?"

"Nilimpata hivyo."

Msichana akakataa kuichukua video. Miaka mitatu baadaye alikuja mwenyewe hadi Nakuru kuomba kipande hichohicho, maana baba alikuwa amefariki na katika picha nyingine zote alikuwa ametoa tabasamu lisilo lake. Dairekta alimpa bila maneno mengi. Nilidhani angalau angejisifu siku hiyo, lakini aliniuliza tu kama nimekula.

Tulikutana kwa sababu ya yale mazishi aliyoyapiga. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Yeye aliandika hadithi zake kwa penseli nyuma ya programu za mazishi, zile zinazobaki baada ya waombolezaji kwenda. Aliniletea nichape. Upande mmoja mtu anagombana na mkewe jikoni, nikigeuza karatasi, upande wa pili marehemu anatabasamu na ameacha watoto saba na wajukuu kumi na wanane. Nilipozoea niliacha kugeuza. Siku moja nilimwambia kwamba mhusika wake ana kaka wawili mwanzoni, lakini katikati amebaki mmoja na hakuna aliyekufa. Alinitazama kwa muda mrefu sana. Wiki iliyofuata nikafunga kibanda siku tatu, nikaenda naye kazini, na sikurudi tena kuwa mchapaji wa kudumu.

Kazi yangu ilikuwa mwendelezo. Maana yake ni hii: mtu akipigwa picha asubuhi akiwa na kikombe cha chai nusu, na kipande cha pili cha onyesho lilelile kipigwe jioni, chai iwe nusu vilevile, kifungo kilichokuwa wazi kiwe wazi, na kitambaa kiwe kimeegemea upande uleule. Niliandika yote katika daftari. Dairekta alikuwa mkali kuhusu jambo hilo kuliko lingine lolote. Aliwahi kuturudisha hadi Salgaa, watu sita ndani ya gari, kwa sababu dereva wa lori katika filamu alikuwa amevaa saa mkono wa kulia. Hakuna mtazamaji ambaye angeona. "Mimi nimeona," alisema, na safari yote ya kurudi hakuzungumza.

Alikuwa na misemo yake. "Mtazamaji si mgeni, usimpikie." "Ukisikia uchungu, songa karibu. Ukisikia huruma, zima kamera." Huo wa pili nilimsikia akimwambia kila mpiga kamera mpya, na karibu wote waliudhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Katika filamu zake hakuna aliyepona kwa sababu watu walimpenda. Yule dereva wa lori hakufika nyumbani. Mzee aliyedai shamba lake kwa miaka thelathini alikufa hajalipata. Kuna mama mmoja muuza chakula wa Salgaa, katika filamu yake ya tatu, anayemngojea bintiye kila jioni. Tulipoionyesha katika ukumbi mmoja wa kanisa hapa mjini, watu walikaa hadi mwisho wakiamini binti atashuka kwenye gari lolote kati ya yale yanayosimama kando yake. Hakushuka. Taa zilipowashwa, mwanamume mmoja alisimama akiwa amekasirika kabisa.

"Dairekta, hata wewe! Si ungeacha tu msichana akuje? Ungepoteza nini?"

"Wewe unajua msichana aliyerudi?"

"Hapana, lakini hii ni filamu."

"Basi ukimjua, niletee, nitampiga."

Mwingine, bibi wa shirika fulani, alikuwa tayari kutusaidia mradi mzima ikiwa tu mtoto wa hadithi angeamka kitandani mwishoni. Tulikuwa na njaa mwaka ule. Dairekta alimsindikiza hadi kwenye gari lake kwa heshima zote, akamfungulia mlango, akamuaga. Tukarudi kwenye harusi.

Lakini msidhani ni mtu mgumu. Hawezi kuchinja kuku. Mkewe, ambaye ana duka la vyakula vya mifugo na kuku wake mwenyewe nyuma, ndiye huchinja, naye Dairekta huenda barabarani kutazama magari hadi kelele iishe. Na nje ya filamu hudanganya kama sisi sote. Ukimpigia simu, atasema yuko Gilgil, anaingia mjini, na huku unasikia kijiko kikigonga sufuria ya kwake. Aliwaambia akina mama wote wa mtaa kwamba chapati zao ndizo bora. Mpwa wake alipoimba vibaya mno kanisani, alimwambia amefanana na redio. Uongo wake ulikuwa wa kila siku, wa kulainisha maisha, na hakuuona kuwa dhambi. Ulifika tu kwenye mlango wa chumba chake cha kuhariri ukabaki nje.

Sasa nifike kwangu.

Siku niliyoambiwa, tulikuwa na kazi mchana. Nilitoka hospitali, nikapanda boda, nikafika wakati wanapanga taa. Sikuona kwa nini nisiende. Nilifungua daftari, nikaandika sahani iko wapi. Tulipopumzika nikamsogelea Dairekta nikamwambia wamepata saratani kwenye titi.

"Upande gani?" aliuliza.

"Kushoto."

Akaitikia kwa kichwa, kama vile ni saa ya mkononi. Nusura nicheke. Watu wengine wote waliniuliza nimejisikiaje, na sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimejisikia chochote. Yeye peke yake aliniuliza swali nililoweza kulijibu.

Baada ya upasuaji, sehemu ya chini ya kwapa ilikufa ganzi. Daktari alisema ni kawaida. Hakuniambia kwamba ganzi ingepanda. Nilikula nikiambiwa nile. Dada zangu walikuja kuomba, wakashikana mikono kunizunguka, wakalia, nami nikawa nahesabu vigae vya sakafu. Mume wangu alikuwa ameondoka zamani, kwa hiyo hakukuwa na wa kuniacha. Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Dairekta alikuwa na hamsini na moja, na alipenda kusema kwamba maisha yetu yamefika saa tisa alasiri, mwanga mzuri kuliko wote lakini haukai.

Wodini hakuingia hata siku moja. Mkewe alikuja na uji, na matunda, na salamu zake. Dairekta mwenyewe alisema harufu ya hospitali inamfunga kifua. Lakini kila siku ya dawa alinipeleka kwa gari lake na kuningoja pale nje chini ya jua kwa muda wa saa tano, hata sita, kiti amekilaza nyuma, programu ya mazishi ya mtu juu ya goti, anaandika. Nikitoka alinifungulia mlango. Alikuwa na ndoo ndogo ya kutapikia ambayo aliiosha mwenyewe. Hatukuwahi kuizungumzia.

Siku moja katika safari hizo aliniuliza, "Madam, naweza kukuandika?"

"Andika."

"Nitaandika yote."

"Si nimesema uandike."

Hivyo ndivyo nilivyompa ruhusa. Watu huniuliza kama nilifikiri kwanza. Sikufikiri. Ukiwa umekufa ganzi, ndiyo na hapana zina uzito mmoja, na ndiyo ni fupi zaidi kwa sababu hakuna anayekuuliza sababu.

Alimwita mwanamke huyo Damaris, akampa kazi ya kuuza mbao Elburgon, kwa sababu alitaka vumbi la mbao na baridi na moshi. Tafuta mwigizaji, tafuta mwigizaji, mwishowe akanigeukia. Nilimwambia mimi si mwigizaji. Akasema hilo ndilo analolitaka.

Onyesho la kuambiwa ugonjwa tulilipiga katika darasa lililofungwa kwa likizo, tukaweka meza na kitanda kidogo tukaliita chumba cha daktari. Alitaka nilie. Si kwa kelele, machozi tu. Tulirudia mara kumi na nne. Mpiga kamera alichoka, akaegemea ukuta. Dairekta akaja akachutama mbele yangu.

"Madam, shida ni gani?"

"Dairekta, mimi sikulia hata kwa daktari mwenyewe. Nitalia kwa huyu wako?"

"Ulifanya nini?"

"Niliuliza choo kiko wapi."

Kisha akasimama, akasema turudie mara ya kumi na tano, na Damaris aulize choo kiko wapi. Nilitoka mlangoni nikaenda upande usio na choo, kama nilivyofanya kweli, nikarudi nikapita tena. Hicho ndicho kipande kilichobaki. Watu waliokiona wanasema kinawachoma. Mimi nilikuwa nakumbuka njia tu.

Ilipofika mwisho, aliandika kaburi. Nililisoma, nikalichapa, nikamwambia mbona hajaandika rangi ya sanduku. Lakini mkewe alizisoma karatasi hizo kwa bahati, akaja mbele ya sisi sote na mikono yenye unga wa chakula cha kuku.

"Huyu mama anakunywa dawa, na wewe unamchimbia?"

"Ni Damaris."

"Damaris gani? Piga na ya kurudi nyumbani. Usipopiga, usilale kwangu."

Akaahidi atapiga zote mbili ili nyumba iwe na amani. Ile ya kurudi nyumbani aliipa jina la kejeli, "ya maombi". Aliipiga asubuhi moja, upesi, huku akitazama saa. Damaris anashuka garini na mfuko wake, anafungua lango, anaweka mfuko chini, anaingia jikoni, moshi unatoka. Tuliirudia mara mbili tu. Kwa Dairekta hiyo ni sawa na kutema mate.

Kaburi lilichukua siku nzima. Tulipata shamba la mama mmoja mzee nje ya Elburgon, shosho mkarimu, ambaye alikubali tupige mazishi kwenye kona ya shamba. Alichoelewa kuhusu filamu sijui, lakini alitukaanga viazi. Wachimbaji walichimba shimo la kweli, futi zote sita, kwa sababu Dairekta hakutaka shimo la uongo. Akina mama wa kanisa jirani wakaja kuimba. Mchungaji alikuwa wa kweli pia, wa kukodi, na hapo ndipo makosa yalipoanza. Alikuwa amezoea kuzika watu, hakuwa amezoea kuzika Damaris. Nikiwa nimelala sandukuni, nimefunikwa leso yangu ya bluu, kifuniko kiko wazi kwa ajili ya kamera, nilimsikia akimkabidhi Mungu mwili wa dada yetu, na jina alilolitaja lilikuwa langu, jina langu la ubatizo na la baba, aliloniuliza asubuhi tuliposalimiana.

Nyimbo zikakatika. Akina mama walinitazama. Nilingoja Dairekta aseme "kata". Hakusema. Aliacha kamera iendelee, ikapita juu ya nyuso zao, ikarudi kwangu. Baadaye aliniambia hicho ndicho kipande atakachokitumia, ikiwa atatumia. Sikukasirika. Nilifikiri kwamba kwa kazi, ni kweli, ilikuwa nzuri.

Tulipomaliza, wachimbaji wakachukua koleo kufukia. Shosho akaja akasimama kwenye ukingo wa shimo.

"Mnataka kufanya nini?"

"Tunafukia, shosho," Dairekta alimjibu. "Tunakuachia shamba vile tulilipata."

"Mnafukia na nini?"

"Na mchanga."

"Mchanga ni wa kaburi. Wewe utalipatia nini? Kaburi halichimbwi bure, kijana. Hii sasa iko na njaa. Itaita mtu wa hapa kwangu."

"Shosho, hii ni filamu. Hakuna mtu amekufa."

Shosho akaninyoshea fimbo. "Na huyu mmelaza kwa sanduku, mchungaji akamtaja jina, alikuwa anacheza?"

Wachimbaji walikuwa wameweka koleo chini. Hata mchungaji alitazama kando. Shosho akatueleza kinachotakiwa, na wote isipokuwa Dairekta tulikijua: shina la mgomba, liwekwe ndani mahali pa mtu, lizikwe kama mtu. Shida ni kwamba Elburgon ni baridi, migomba haikubali. Tulizunguka kwa majirani hatukuona hata mmoja. Ikabidi gari literemke, lipite Salgaa, liende hadi upande wa Rongai kwenye joto. Nilienda nao kwa sababu kukaa pale kando ya shimo kulikuwa kunawasumbua akina mama. Mwanamume mmoja alitukatia shina kwa panga. Hakuuliza ni la nini. Alikitazama mara moja kitambaa changu cha kichwani, akatusaidia kulipakia.

Jua lilikuwa limelala tuliporudi. Shosho akataka nguo ya mwenyewe. Nikatoa leso ya bluu, akina mama wakalifunga shina vizuri, wakaliteremsha kwa kamba. Waliimba tena, na safari hii hawakungoja kuambiwa. Mpiga kamera akauliza, "Nipige?"

"Zima," Dairekta alisema.

Akavua koti lake, akachukua koleo kwa mchimbaji mmoja, akafukia mwenyewe hadi mwisho, yeye ambaye kifua hakimruhusu. Nilimwona ametoa macho kama mtu anayeogopa kuchelewa mahali. Mimi nilifungua daftari nikaandika: leso ya bluu, imezikwa, isitumike tena.

Baada ya hapo ukaja ule ukimya wa miaka miwili. Dawa zilikwisha, nywele zikarudi zikiwa na mvi. Nilirudi kazini kwenye harusi na mazishi yake. Kila nilipouliza habari ya filamu, alikuwa anahangaika na sauti, au umeme ulipotea, au yuko Gilgil. Sikumuuliza ni mwisho upi. Ningeuliza vipi? Ningekuwa namuuliza kama nitakufa. Lakini nilimtazama, nikijaribu kusoma usoni mwake kile alichokwisha kukisoma kwangu. Aliniambia mara nyingi kwamba napendeza. Hayo yalikuwa ya chapati, sikuyahesabu.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoisha, mgongo ulianza kuniuma. Daktari akaniandikia nipigwe picha ya mifupa wiki iliyofuata. Dairekta alijua, kwa kuwa ndiye aliyenipeleka. Siku mbili baadaye alinipigia simu asubuhi.

"Kuja uone. Imeisha."

Chumba chake cha kuhariri kiko nyuma ya duka la mkewe, kati ya magunia, na dirisha limezibwa kwa blanketi. Kwa kawaida yeye hukaa mbele na sisi hukaa nyuma. Siku hiyo alinipa kiti chake. Alisimama mlangoni.

Ni filamu nzuri. Nitasema hivyo ingawa niko ndani. Nilijiona nikiuliza choo, nikajiona kwenye onyesho la maombi macho yangu yakihesabu vigae, jambo ambalo sikujua kamera yake ililiona. Ilipokaribia mwisho nilikaza mikono kwenye kiti, na nilishangaa kuona nimeikaza. Kisha nikaona lango la Elburgon. Damaris anashuka, anafungua, anaweka mfuko chini, anaingia jikoni. Moshi unatoka. Aliweka hata muziki, yeye ambaye hakuwahi kuweka muziki. Jina la filamu likatokea, likazimika.

"Ile ingine iko wapi?" nilimuuliza.

"Nimeitoa."

"Kwa nini?"

"Hii imekaa vizuri."

"Haijakaa. Pale barabarani mfuko uko mkono wa kushoto. Nikifika langoni uko wa kulia."

"Najua."

"Ulijua na ukaacha?"

"Niliacha."

Hakunitazama. Nilielewa, na nilielewa polepole, kama mtu anayesoma barua ya lugha aliyoisoma zamani shuleni. Miaka kumi na minane nilikuwa nimemwona akikataa kumhurumia dereva, mzee, mama mwenye binti, na mtoto kitandani. Hakuna hata mmoja aliyempa zawadi. Mimi alikuwa amenipa, maana aliamini nitakufa. Hilo ndilo jibu nililolingoja muda wote, na alikuwa amelisema kwa sauti kubwa kuliko daktari.

"Rudisha kaburi, Dairekta."

"Madam..."

"Rudisha. Nizike huko ndani kama watu wako wote. Hapo nitajua hujui."

"Siwezi."

"Yule mama wa Salgaa ulimweza."

"Hakuwa wewe."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akavua miwani akaanza kuhangaika na ule uzi. Upande wa dukani mkewe alikuwa akimpimia mtu chakula cha kuku, nasikia kikimiminika kwenye mfuko. Nilifungua daftari niandike kosa la mfuko, kisha nikalifunga. Kitu kilinijia, kikubwa, na ilinichukua muda kukitambua kwa sababu hatukuwa tumeonana tangu kabla ya siku ile ya hospitali.

"Dairekta," nikasema, "naogopa."

"Najua," alijibu. "Hata mimi."

Akavuta gunia moja karibu na kiti changu, akaketi. Hakuniambia kwamba nitapona.